Madishi Manne ya Marehemu Chrispin Namahala

Mchungaji, wazee wetu na ndugu waombolezaji, mimi ni Cyril, mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia, ingawa mengine nitakayosema hayamo ndani yake.

Chrispin Walter Namahala alizaliwa hapa Newala tarehe 7 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa Mzee Walter na Mama Julia, akasoma hapahapa tangu 1964 hadi 1970, akaanguka mtihani wa darasa la saba, mimi nikafaulu nikafika chuo cha ualimu, na bado baba akiulizwa habari za wanawe alianza na Chrispin.

Mwaka 1972 alijifunza ufundi redio Ndanda, tarehe 9 Agosti 1980 akafunga ndoa na Ethel, wakajaliwa Isabela mwaka 1982 na Huruma mwaka 1986, na mwaka 1988 akafungua kibanda chake Masasi. Biashara huria ilipoleta televisheni, yeye ndiye aliyefunga yale madishi makubwa, na yalipokuja madogo watu wakayatupa yale makubwa, akaokota manne, akayapandisha Newala na kuyasimamisha uani kwa baba mwaka 1999, akayaunganisha kuwa darubini ya redio, chombo kisichochunguliwa kwa jicho, bali hunasa mawimbi ya redio kutoka angani, jua likipita mbele yake mshale wa mita hupanda, naye kila adhuhuri akaandika namba daftarini. Baba, ambaye hakuwahi kukanyaga shule niliyofundisha, hakukosa kuutazama mshale ule. Wivu ulinila, sifichi.

Oktoba 2002 figo zilimlaza hospitali ya Ndanda, akaniomba nisome mita badala yake, nisiruke hata siku moja. Nilikubali, lakini mvua za Desemba zilipoanza nikayalaza madishi yote yakinge maji, maana kwetu maji ni shida na hakuna ambaye angenilaumu, namba nikazitunga, nikampelekea kila Jumamosi. Alizisoma akafurahi, akamwambia Ethel kwamba Cyril ana jicho kumshinda yeye, na baba, aliyekuwa hukohuko Ndanda akimuuguza asijue ya uani kwake, aliposikia alinisifu mbele ya wageni, jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani.

Alifariki Jumapili tarehe 19 Januari 2003, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Ndanda, mafundi wenzake wa Masasi, na majirani mliokesha nasi. Isabela, mwanangu, najua unataka kuliendeleza daftari la baba yako, basi kuanzia tarehe 9 Desemba usiamini hata namba moja, ni uongo wangu, na marehemu amekufa akinisifu kwa uongo huo.

Kaka, amani uliyonayo sasa pumzika nayo, mimi sina.