Saa Moja ya Kumuaga Mtoto: Risala ya Walezi kwa Meneja Mkuu

Mgeni rasmi, Meneja Mkuu wa kiwanda chetu cha nguo. Wakuu wa idara mliofuatana naye. Wazazi mlioruhusiwa kuacha mashine kwa nusu saa. Na nyinyi watoto mlioketi mbele kwenye mkeka, ambao tumewaomba mnyamaze ingawa tunajua hamtaweza.

UKARIBISHO

Sisi walezi sita na mpishi mmoja wa kituo cha watoto wa wafanyakazi tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tumekupa kiti pekee cha mtu mzima tulicho nacho. Vingine vyote humu ni vya watoto, ndiyo maana wakuu wa idara magoti yamewafika kidevuni. Tunawaomba radhi, na tunawaomba wasiinuke kwa ghafla.

HISTORIA YETU

Kituo kilianza miaka kumi na moja iliyopita katika chumba hikihiki, kilichokuwa stoo ya majora ya vitambaa. Tulianza na watoto wanane. Leo wako arobaini na watatu, kuanzia wa mwaka mmoja hadi wa miaka mitano.

Kuna sehemu ya historia ambayo hatujawahi kuisoma mbele ya mgeni. Kwa miaka minne ya mwanzo tuliwafundisha wazazi kutoroka. Tulikuwa tunamwambia mama, "Sisi tutamwonyesha mpira. Akigeuka tu, wewe chomoka." Tuliona huo ndio ujuzi wenyewe. Mtoto aliangua kilio, tukambembeleza, akanyamaza, nasi tukajipongeza.

Kisha akaja binti wa fundi wa pasi. Huyu hakukubali kuachia viatu vyake. Alikula navyo kwapani na kulala navyo kifuani, tayari kwa safari. Mama yake akatujia amekunja uso: "Mmemfanya nini mwanangu? Nyumbani sasa hata msalani siendi peke yangu, ananing'ang'ania gauni."

Mpishi wetu alikuwa anaosha vikombe, akasema bila hata kugeuka, "Nyinyi si ndio mnamfundisha kwamba akitazama pembeni tu, mtu anapotea? Mlitaka afanyeje?" Tuliona aibu siku ile, na bado tunaiona.

MAFANIKIO

Tangu hapo hakuna anayetoroka. Mzazi wa mtoto mpya hukaa nasi saa moja kila asubuhi kwa siku tano. Siku ya kwanza anakaa tu kwenye mkeka, mtoto anamzunguka na kuchungulia wenzake. Siku ya pili anaaga, anatoka uani kwa muda wa wimbo mmoja, anarudi. Siku zinazofuata anakawia zaidi kidogo. Siku ya tano anaaga mlangoni na kwenda kazini, na mtoto ameshaona kwa macho yake kwamba anayeaga hurudi. Wapo wanaolia hata hivyo. Kulia tunaruhusu, kudanganya hapana.

Wazazi nao huzoea, tena wengine kwa taabu kuliko watoto. Dereva mmoja wa lori alijificha nyuma ya tangi la maji ili asikilize kama mwanawe analia. Mlinzi akamkamata akidhani ni mwizi. Mtoto alikuwa ndani anacheza, aliyekuwa analia ni baba. Yumo humu leo, na ametupa ruhusa tuseme, mradi tusimwonyeshe kidole.

CHANGAMOTO

Bomba linavuja, magodoro yamechakaa, na dirisha moja tumelifunga kwa waya. Hayo tunayamudu.

Linalotushinda ni barua iliyobandikwa mlangoni mwezi uliopita. Inasema mzazi asivuke lango; amkabidhi mtoto na aende moja kwa moja kwenye mashine yake. Hatujui kama ilipita mezani kwako, maana wewe bado ni mgeni kiwandani, wala hatumlaumu aliyeiandika. Kazi ni nyingi na mashine iliyosimama haishoni. Lakini tumerudi kulekule tulikotoka. Wiki iliyopita tulimbandua mtoto wa miezi kumi na sita kutoka shingoni mwa mama yake, kidole kimoja kimoja. Mama akaenda kushona kola huku haioni sindano kwa machozi. Alijikaza siku tatu. Siku ya nne hakuja kwetu, wala kazini hakuonekana tena.

OMBI

Tulikuwa na maombi tisa. Jana tulipoyasoma tena tukafuta manane, ili usije ukatupa magodoro, tukapiga makofi, mambo yakaishia hapo.

Jumatatu ijayo anaanza binti wa miaka mitatu. Baba yake ni mkataji wa vitambaa, meza ya pili, na yumo humu ndani. Mkewe alifariki miezi mitatu iliyopita. Siku ya mazishi ndugu walimhurumia mtoto, wakamwambia mama amesafiri, atarudi kesho. Baba ametuambia, "Kila asubuhi ananiuliza kama leo ndiyo kesho. Sasa nikimwacha langoni nikakimbia, na mimi atanihesabu vipi?"

Shangazi aliyekuwa anamshika mtoto anarudi kwake Jumapili. Hakuna mwingine. Mtoto akishindwa kuzoea hapa, baba ataacha kazi, na ameshatuambia hivyo.

Tumemshauri, naye amekubali. Jumamosi hii, shangazi akiwa bado yupo, atampakata mwanawe na kumwambia kwamba mama amekufa na hatarudi. Siku mbili baadaye atamleta kwetu.

Tunaomba saa moja, kwa asubuhi tano. Wenzake wanne wa meza ya pili wametia saini kwamba watakata sehemu yake mpaka afike, na karatasi yao tumeiambatanisha. Ukiona inafaa, wazazi watakaofuata nao wapewe. Usipoona hivyo, tupe huyu mmoja.

Tunajua barua rasmi huchukua siku zake. Sisi tutatosheka na neno lako hapahapa, kabla hujanyanyuka. Maana Jumamosi, akishasikia habari za mama, swali litakalofuata tunalijua, tumelisikia kwa watoto wengi: "Na wewe, baba, utarudi?" Tunataka mtu huyu atoke humu leo akijua la kumjibu.

Mungu akulinde, Mgeni rasmi, akufikishe salama kila jioni kwa wale wanaokungoja.

Ni sisi,
Walezi na Mpishi,
Kituo cha Watoto wa Wafanyakazi