Kitanda cha Marehemu Seremala

Siku ile tulikuwa wanne kwenye benchi la kona: Kinyozi, Dobi, Wakili na mimi muuza kahawa, ukimwacha mwanangu aliyelala mgongoni. Wakili si wakili. Aliwahi kufagia korido za mahakama, na maneno ya sheria yakamganda. Nafasi ya marehemu Seremala ilikuwa bado wazi. Hakuna aliyetaka kuikalia, hata Dobi mwenye miguu mibovu. Ubishi ulikuwa juu ya kitanda cha marehemu, kile kikubwa cha mninga alichokichonga mwenyewe.

— Aliniachia mimi, Kinyozi akasema. Alitamka hapahapa, kikombe mkononi.

— Kikombe alichonunuliwa na nani? Dobi akauliza. Mimi aliniambia, "Mdogo wangu, niongezee kahawa, nikifa kitanda ni chako."

— Shahidi wako nani?

— Mimi mwenyewe nilikuwepo.

Wakili akakohoa.

— Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasio warithi. Bahati mbaya, na mimi aliniachia.

Kumbe mzee yule alikunywa kahawa yangu miaka yote kwa kuahidi kitanda kimoja.

— Basi kikatwe, Kinyozi akasema. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mninga ule umekauka tangu hujaota ndevu, Dobi akamjibu. Tulale kwa zamu.

— Zamu na wewe unayekoroma kama mashine ya kusaga?

— Sikilizeni sheria, Wakili akasema. Aliyebeba jeneza upande wa kichwa anarithi upande wa kichwa. Ndiye mimi.

— Mimi nilibeba katikati, Dobi akasema. Nimerithi nini, chaga?

— Chaga, na haki ya njia.

Kinyozi akatikisa kichwa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilipokwenda kumnyoa akiwa mgonjwa niliinama, nikakikagua. Mguu mmoja umelegea. Aliyeinama ndiye mrithi.

— Seremala mzima, kitanda chake kinayumba? Dobi akauliza.

— Alisema ataukaza kesho. Kila siku kesho.

Dobi akasogeza kikombe chake hadi kwenye ile nafasi tupu, kisha akakirudisha, kama aliyekosea.

— Mkokoteni nimeshaazima, Wakili akasema. Jioni tukakichukue, tutagawana njiani. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Ndipo akatokea kitindamimba wa marehemu, binti yake, na ndoo ya maji kichwani.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu. Mama anaendeleaje?

— Afadhali. Leo ndiyo amepata usingizi, mara ya kwanza tangu msiba.

Wale wawili wakamkonyeza Wakili aseme. Akasema: marehemu, Mungu amrehemu, alituachia kile kitanda, kwa hiyo jioni hii tunakuja na mkokoteni.

Binti akatua ndoo. Hakukasirika hata kidogo.

— Sawa, baba. Ila mama amelala juu yake. Nani kati yenu atamwamsha?

Kinyozi akazitazama kucha zake. Dobi akaitazama miguu yake. Wakili akatafuta kifungu cha sheria, hakukipata. Birika lilikuwa bado zito, lakini hakuna aliyeomba kuongezewa. Dobi akainuka polepole, akamtwisha binti ndoo yake.

Jioni walikwenda kweli, wote watatu, na nyundo na gundi ndani ya mkokoteni. Wakakaa barazani kimya mpaka mama alipoamka mwenyewe, ndipo wakaingia kukaza ule mguu wa kitanda.