Mama Giza na Plastiki Iliyokataa Kufifia

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya mwanga, mkuu wetu, ambaye wote tunamwita Mama Giza, anastaafu tarehe 30 Juni. Jina limetokana na chumba chake kisicho na dirisha. Ukifungua mlango bila kubisha utasikia, "Funga huko, unanimwagia mwanga!"

Kazi yenyewe ni plastiki. Si ile ya ndoo. Hii hupitisha umeme, na ukiimulika kwa taa ya zambarau hung'aa rangi ya chungwa. Ukiitia umeme, hufifia. Mama Giza ndiye aliyetueleza sababu: chaji, yaani chembe za umeme, zikijazana ndani yake hunyonya nguvu kabla haijageuka mwanga. "Chaji huua mwanga," alisema, hata mlinzi wa geti akaikariri. Kitabu chake cha kuagia kazi, chenye maneno hayo katika sura ya mwisho, kilikuwa tayari kwa mchapaji.

Alikuwa na sheria moja: waya mwekundu kwenye plastiki, mweusi kwenye bamba la chini. Aliyekosea aliwapikia wenzake chai wiki nzima. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mwezi uliopita mumewe na mjukuu wao walikuja kumwona kazini. Naibu wake, akiwachekesha wageni huku anaunganisha, aligeuza nyaya. Umeme ukaingia. Plastiki ikazidi kung'aa.

"Bibi, si ulisema itazima?"

"Subiri, mjukuu wangu." Ikaendelea kung'aa. "Subiri tena."

Alibadili plastiki, akabadili betri, akamtazama naibu kwa jicho la upelelezi. Nyaya zikirudishwa, mwanga unafifia; zikigeuzwa, unaongezeka. Waya mwekundu huingiza chaji chanya, mweusi hasi, na kwa sheria ile miaka yote tulikuwa tumejaribu chanya tu. Chanya zinazima, hasi zinaamsha. Naibu anasema hasi zinafuta chanya zilizokwama humo tangu plastiki ilipotengenezwa. Fundi wa vipimo anasema ni uchafu tu. Tumekaa vikao viwili, tumetoka na maelezo matatu, na kila mwenye lake ameanza kulitilia shaka.

Mkurugenzi wa taasisi nzima alimsihi. "Mama, saini tu kitabu kichapwe. Haya mengine tuachie sisi."

"Nyinyi hamjui, mimi sijui," alijibu. "Sasa nisaini nini?"

Alimpigia mchapaji simu siku hiyohiyo, akaiondoa sura ya mwisho, ile aliyoifanyia kazi kuliko zote. Kitabu kitatoka hivyo hivyo, kimekatika, na ukurasa mmoja wa maswali ambayo hakuna hapa anayeweza kuyajibu. Mumewe anasema nyumbani sasa anakoroga uji huku akinung'unika "chanya, hasi," na ametuomba tusimpigie simu asubuhi. Hatukuahidi.

Asante, Mama, kwa kazi yote, na kwa kutuacha tumechanganyikiwa kwa haki. Tunakutakia mapumziko mema, ukiyaweza.