Vigelegele vya Dirishani

Basi lilipotoka Mbalizi, Tusekile alijifanya kusinzia, mikono juu ya tumbo lake la miezi tisa. Nyuma yake bibi mmoja, mwenye ndoo ndogo ya uji mapajani, alikuwa akibishana na Mwanakhamisi, muuza khanga.

“Mkwe wangu amejifungua juzi, na nesi ananizuia mlangoni pa wodi kama mwizi! Mikono hii imepokea watoto wa kijiji kizima.”

“Wanazuia maradhi, bibi. Kwani hakuna waliokufia mikononi mwako?”

Vichwa vikageuka basi zima. Kumbe waliojifanya kusinzia walikuwa wengi.

“Wawili,” bibi akasema taratibu. “Ndiyo maana mkwe nilimpeleka mwenyewe. Lakini kuachwa nje ni dharau! Jana mzazi wa kitanda jirani, hata jina simjui, ndiye aliyemwinua mjukuu wangu dirishani. Nikapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja.”

“Si umemwona, basi?”

“Kuona si kupakata!”

Basi likasimama karibu na hospitali. Tusekile, ambaye hakusindikizwa na mtu, aliinuka na kifurushi chake, akamgeukia.

“Bibi, na wangu nikimwinua pale dirishani, utampigia?”

Bibi alilitazama lile tumbo, akampokea kifurushi.

“Mpaka wanifukuze.”