Blanketi Lililokwisha Kulaliwa

Siku ile uani kwetu Uru alikuwepo bibi yangu, kwenye kigoda chake. Alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, ndiye mkimbiaji. Alikuwepo jirani aliyekuja kuomba moto akasahau kuondoka, na mwalimu wa riadha wa chuo kimoja kidogo cha hapa Moshi, na mama mlezi wa wasichana wa chuo hicho. Mimi nilisimama mlangoni, nimeuziba. Majina siyataji, lakini wakumbukeni, nitawarudia.

Ndugu zangu wa jumuiya, mnanijua. Wazazi walipotutoka niliacha shule nikiwa darasa la sita ili wadogo zangu wale. Wa kwanza kuja kutufariji alikuwa ndugu wa baba. Alikuja na sukari. Alipoondoka, kahawa ya shamba la chini ilikuwa yake. Wa pili alikuwa mama wa mjini, akamchukua mdogo wangu anayenifuata ili eti akasome. Alisoma nini? Masufuria. Nilimfuata mwenyewe Pasua nikamrudisha. Tangu hapo nikajiwekea sheria: anayekuja na kifurushi ameshapima anachokitaka.

Nawaambia, shaka ile ilinila. Hata nyinyi mlipotuletea unga niliupepeta nikitafuta dawa. Mkinipa chai, nilisubiri aliyeipika anywe kwanza. Msicheke, mliniona.

Sasa huyu wa mwisho alikuwa na mbio. Alipomaliza kidato cha sita sikuwa na njia ya kumpeleka mbele. Ndipo chuo kikasema, aje akimbie, tutamsomesha bure. Bure! 

Mwalimu yule ni mtu wa Mbulu, mila zetu hazijui. Akaja na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na blanketi jipya la bibi. Naona mnatazamana. Mnajua kwamba kwetu mwanaume akiingia uani na mbege na blanketi, haji kuzungumza habari za shule. Anakuja kuposa.

"Shikamoo bibi," alisema, akaeleza habari za timu yao inayoshinda vyuo vikubwa, za ada na bweni. Masikio yangu yalikuwa kwenye maneno, macho kwenye blanketi.

"Una mke?" nikamkata.

"Ninaye, dada. Kwani vipi?"

"Basi mpelekee blanketi lake. Mwizi wa watoto wewe. Toka!"

Mdogo wangu akaangua kilio. "Dada, nafasi yangu watampa mwingine!" Mama mlezi akabeba dumu, wakashuka mgombani. Blanketi tu halikuonekana. Bibi alikuwa amelikalia.

"Bibi, lirudishwe."

"Irudishe kwanza baridi ya Uru," akajibu, akalala nalo.

Mae! Blanketi likilaliwa, posa imepokelewa. Asubuhi, bibi alipotoka kuota jua, nililikunja nikaliweka kwenye beseni, nikalifunika kwa ndizi mbivu, nikashuka chuoni kulirudisha. Na kupeleleza.

Nilitegemea jukwaa na nyasi za kijani. Nikakuta uwanja wa vumbi, mistari imechorwa kwa majivu, na ng'ombe wa mtu anachungwa upande wa pili. Hawa ndio wanaoshinda vyuo vikubwa? Shaka ikaongezeka. Nikakaa ukingoni kama muuza ndizi.

Wasichana walikuwa wanafanya mazoezi ya kupokezana kijiti. Wa nyuma anakuja mbio, wa mbele anaanza kuondoka, mkono nyuma. Lakini yule wa mbele kila mara aligeuza shingo. Mwalimu akapuliza filimbi.

"Unatafuta nini huko nyuma? Ukigeuka unapunguza mwendo. Wewe kimbia, fungua kiganja. Atakuletea."

"Asipoleta, mwalimu?"

"Ndiyo maana tunarudia kila siku. Ili alete."

Wakarudia, kijiti kikaanguka. Wakarudia tena. Mwishowe msichana hakugeuka, na kijiti kikatua kiganjani, pah!

Ndugu zangu, nililia na beseni langu mapajani. Nilijiona. Mdogo wangu yuko mbele, amefungua kiganja, na mimi nyuma nimekibana kijiti, sikiachii.

Mwalimu akaniona. "Dada mkubwa, hizo ndizi ni za kuuza au za upelelezi?"

Nikatoa blanketi. "Limelaliwa," nikamwambia. "Kwetu maana yake umeshakubaliwa uchumba."

Akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Mimi? Mpishi wetu aliniambia tu kuwa huku mtu haendi kwa wazee mikono mitupu!"

Mama mlezi alicheka hadi akakaa chini. Wasichana wakamaliza ndizi. Hata hivyo niliomba kuonyeshwa bweni, na komeo la mlango nikalijaribu mwenyewe. Lilikuwa zima.

Mdogo wangu akaenda. Wakampa kipande cha mwisho cha mbio za vijiti, na chuo kile cha majivu kikawaacha wakubwa wakihema. Walilipandisha kombe hadi uani kwetu. Bibi akaligeuza huku na huku, akasema chombo ni cha kutumia, akala mtori wake wa ndizi humo.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama mlezi, nawashukuru nyinyi mliovumilia unga wenu kupepetwa. Sisemi msichunguze. Chunguzeni, jaribuni komeo. Likiwa zima, achieni kijiti.

Ila nina deni. Nilimwita mtu mwizi mbele ya watu. Bibi anasema neno lililotupwa uani haliokotwi njiani: wote waliolisikia wakae tena palepale, wasikie nikilirudisha, kisha mbege inywewe. Nilikuwa tayari kuwapeleka wote kwa mwalimu, lakini bibi hapandi gari tena, naye mwalimu amehamia mbali. Anasema atakuja likizo. Ulezi wa mbege nimeuweka. Ndizi zimeiva na kuuzwa, zimeiva na kuuzwa. Mbwa akibweka bado nachungulia mlangoni, kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa natamani awe ni yeye.