Winifred Hazard, Ambaye Ratiba Inamwita Mama Brightness

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, majirani wa Barabara ya Dixon hapa Toronto, na ninyi mliotoka zamu Malton mkaja na nguo za kazi, kabla familia haijasoma lolote inaomba mwitazame hiyo ratiba mliyopewa mlangoni, yenye picha ya marehemu kajifunga khanga, mwone palipoandikwa Mama Brightness, halafu mtafute jina lake mwenyewe, na msijisumbue sana, kwa sababu halimo. Juzi jioni, kwenye ukumbi wa kuaga, kaka yake wa tumbo moja, Bwana Ellison Hazard, aliyeendesha gari siku nzima kutoka Rhode Island, alisema mlangoni kwamba amekuja msibani kwa Winifred Hazard, vijana wetu wa mapokezi wakamjibu kwa adabu zote kwamba hapa hakuna msiba wa mtu huyo, labda ajaribu ukumbi wa pili, naye akaenda, akakaa na kuombea maiti ya Kireno asiyoijua, mpaka Brightness alipomwona koridoni akamrukia shingoni. Hakuna aliyekusudia ubaya, tunajua, lakini mtu amekaa nasi miaka thelathini na minne, na ndugu yake amekosa kumpata kwa sababu jina lake hatulijui, basi leo tutalisema mpaka mlizoee.

Winifred Hazard alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Charlestown, jimbo la Rhode Island, Marekani, mtoto wa pili wa mzee Josiah Hazard, mwashi wa kuta za mawe, na Bi. Edna, aliyekuwa akifua mashuka katika nyumba za wageni za pwani. Kabila lake ni Wanarragansett, wenye nchi ile kabla Mwingereza hajatia mguu, watu waliochomewa ngome yao kwenye kinamasi mwezi Desemba mwaka 1675, theluji ikiwa chini na wanawake na watoto wakiwa ndani, na waliobaki wakaonewa taratibu, mpaka mwaka 1880 serikali ya jimbo ikakaa kikao ikaamua kwamba kabila hilo limekwisha, ati wameshachanganyika mno na watu weusi, ardhi yao ikauzwa, nao wenyewe wakiwa wamesimama pale pale wanatazama. Sisi tunaomjua kwa pilau na vigelegele vya jikoni hatukuwahi kumuuliza habari hizi, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia asipoulizwa.

Alianza shule ya msingi Septemba 1967, na huko, akiwa darasa la tano, mwalimu wa historia aliwafundisha kwamba hapo zamani palikuwa na Wanarragansett, sasa hawapo tena, Winifred akanyoosha mkono, mwalimu akamwambia aushushe, maswali mwishoni, na mwishoni kengele ikalia. Hilo alilisimulia mara moja tu, kwa mama mkwe wake, akaongeza kwamba mkono ule anausikia bado uko juu. Alimaliza sekondari Juni 1979, akasomea ukarani jioni huku mchana akifanya kazi kiwanda cha nguo, na mwaka 1983, serikali kuu ilipotangaza kwamba kabila lake linatambuliwa, mzee Josiah aliweka nyundo chini akasema, ahsante kwa kutuarifu kwamba tupo.

Mwaka 1985 aliajiriwa karani wa mapokezi ya mizigo mjini Providence, na ndipo mwezi Februari 1990 dereva wa lori kutoka Malton, Cyprian, mtoto wa Kibosho, Moshi, alipoegesha gari kwa ubavu akaziba mlango, Winifred akakataa kumgongea muhuri mpaka alitoe, Cyprian akalitoa huku akilaani kwa Kichagga, Winifred akamwambia kwamba hajui maneno hayo lakini muziki wake anaufahamu. Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 1991, katika kanisa la mawe la kwao Charlestown, na wiki mbili baadaye jumuiya yetu hapa Toronto ikamfanyia sherehe yake, wakinamama wakamfunga khanga, wakamfundisha kupika, wakamkalisha kwenye mkeka wakasema sasa wewe ni wetu, na yeye akacheka na kulia kwa pamoja, kwa maana kwao hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo bila kutaka kumnyang'anya kitu.

Walijaliwa watoto wawili, Brightness, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1993 na kupewa jina na bibi yake kwa simu, na Dylan, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1996, ambaye sasa yuko Calgary. Tangu siku ile ya Mei Winifred akawa Mama Brightness, kwa heshima, kama ilivyo desturi yetu, na desturi hiyo ni njema kwa mwanamke ambaye jina lake la kwanza liko salama mahali fulani, kijijini kwao, kwa shangazi zake, makaburini kwa babu zake, lakini huyu alikuwa ametoka kwa watu ambao majina yao yalishafutwa mara moja kwa kikao, nasi tukamfuta mara ya pili kwa upendo.

Kiangazi cha mwaka 1997 alikwenda kwao kwenye mkutano wa kabila wa kila Agosti, akawakuta wazee wachache wamekaa na vijana wanajifunza lugha ya Kinarragansett, ambayo msemaji wake wa mwisho aliyeinyonya kwa mama alizikwa zamani, karne ya kumi na tisa, sasa inaokotwa neno moja moja, mengi kutoka kwenye kitabu cha mhubiri wa Kiingereza cha mwaka 1643. Ilimuuma kwamba lazima lugha ya mama zake aiombe kwa Mwingereza, lakini alisema mwizi akikuachia picha ya ng'ombe wako hutaichana picha, utaichukua ukamtafute nayo ng'ombe. Alirudi Dixon, ghorofa ya kumi na moja, akaweka sheria yake mezani, kwamba upawa wa mchuzi anaushika yeye, na anayetaka mchuzi auombe kwa Kinarragansett.

Tuseme ukweli, sheria ile ilichukiwa. Cyprian, ambaye yupo hapa na hatakana, alikula ugali mkavu karibu mwezi mzima kwa ubishi, akisema amekwisha kujifunza Kiswahili, Kiingereza na kuendesha lori kwenye barafu, sasa imetosha. Dylan alilia akapewa. Brightness aliomba vizuri mpaka alipofika umri wa kuona aibu, siku moja akiwa na miaka kumi na minne akamwambia mama yake kwa Kiingereza, mbele ya rafiki zake, kwamba hiyo ni lugha ya marehemu, akainuka akaenda kununua chipsi. Mama yake aliendelea kushika upawa, mchuzi ukapoa.

Mwanafunzi wake wa kwanza aliyemtii kikamilifu alikuwa mama mkwe, Bibi Anastasia, aliyekuja kutoka Kibosho mwaka 1998 kukaa miezi sita. Winifred alijifunza Kiswahili kwa ajili yake, usiku na mchana, mpaka wakawa wanasutana kama mashoga, na bibi alipoona ule upawa akauliza unangoja nini, akaelezwa, akasema yeye shuleni alivishwa kibao shingoni na kuchapwa kwa kusema Kichagga, leo uzeeni anapewa mchuzi kwa kusema lugha ya mtu, hiyo ndiyo shule aliyokuwa akiitaka. Aliomba kwa matamshi ya ajabu, halafu akamalizia kwa Kiswahili, haya mkwe, nimeomba kwa kwenu, sasa usinichotee kama unampimia mgonjwa. Mpaka anafariki mwaka 2009 kila wakipigiana simu alianza kwa salamu za Kinarragansett, na wajukuu zake wa Moshi wakidhani ni Kifaransa.

Mwaka 2004 jumuiya yetu iliona watoto wetu hawajui Kiswahili, ukiwaita wanaelewa, ukingoja jibu linakuja Kiingereza, tukatafuta mwalimu wa Jumamosi, kila mzazi ana zamu, ana mafua, ana harusi, na aliyesimama akasema nitafundisha mimi alikuwa Winifred Hazard. Kwa miaka ishirini mtoto wa Mtanzania kwenye majengo ya Dixon amefundishwa shikamoo na mwanamke wa Rhode Island, naye alikuwa mkali, hakumpa mtoto biskuti mpaka aiombe kwa Kiswahili, wazazi mkacheka mkasema mwalimu huyu ana mbinu, bila kujua mbinu ilitoka wapi.

Sasa tufike mahali ambapo kamati ya mazishi ilipenda tuparuke. Siku ya utamaduni, tarehe 10 Juni 2017, alipandishwa jukwaani na khanga yake, akasifiwa kwamba ni Mswahili kuliko Waswahili, akapigiwa vigelegele, na alipopewa kipaza sauti aliomba jambo moja, kwamba Jumamosi, watoto wakishamaliza Kiswahili, apewe saa moja na chumba kile kile awafundishe Kinarragansett wanaotaka, wawe wanane, wawe wawili. Mwenyekiti wa wakati ule, hatumtaji, anajijua, alimshika bega akamwambia Mama Brightness wewe ni wetu bwana, hayo ya Wahindi Wekundu yatatuchanganyia watoto, ukumbi ukacheka, wala si kwa ubaya, ukacheka tu. Alishuka, akakunja khanga akaiweka kwenye mkoba, na Jumamosi iliyofuata alikuwa darasani saa nne kamili akiwafundisha watoto wa waliocheka. Hakukasirika, na familia inatamka hapa kwamba ilikuwa haki yake kukasirika, na sisi tuliokuwepo tukacheka tungestahili hasira hiyo.

Winifred alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024 alianguka mbele ya darasa akapelekwa hospitali, ikaonekana amepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Alipoamka Kinarragansett kilikuwa kimeondoka chote, Kiswahili kimebaki vipande, na Kiingereza peke yake, lugha ya yule mwalimu aliyemwambia ashushe mkono, ndiyo ilikuja ikiwa nzima. Alilijua hilo, akawa anageukia ukutani, kwa kuwa kazi iliyowachukua maofisa na majeshi miaka mia mbili mshipa mmoja wa damu uliifanya asubuhi moja.

Ndipo Brightness, aliyekwenda kununua chipsi, alipochukua likizo kazini akaja na chupa ya maji na kikombe, akakaa kitandani, akashika kikombe kama upawa. Alimtamkia mama yake ombi lile la mezani, lile alilolikataa, likiwa limekaa kichwani mwake miaka yote hiyo kama mfupa kooni, akalirudia, akangoja. Siku nyingine mama alisukuma kikombe, siku nyingine alimwaga maji, siku nyingine Brightness alitoka akalia kwenye lifti, kisha akarudi. Alikuwa mwalimu asiyejua kitu isipokuwa alichofundishwa na mgonjwa wake, na walikwenda hivyo Krismasi, Kwaresima, Pasaka, na mwezi Aprili Winifred akaomba maji kwa Kinarragansett, akapewa, akanywa, akasema taubut, ambayo ni ahsante. Siku ile ile jalada lake likaandikwa kwamba mgonjwa anaropoka.

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 16 Mei, na Jumapili tarehe 18 Mei 2025, asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na minne, Brightness amemshika mkono wa kulia na Cyprian wa kushoto. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na kaka. Aliomba jambo moja tu akiwa bado na nguvu, kwamba juu ya kaburi lake aitwe kwa jina alilopewa na shangazi yake kwa lugha ya kwao, kamati ikajibu ratiba imebana na watu hawataelewa. Ni kweli hamtaelewa. Yeye alikaa kwenye ibada zetu, harusi zetu na misiba yetu haelewi, akajifunza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, akiwemo yule aliyeandika kwamba anaropoka, kwa maana hakujua, na alipoelezwa alifuta kwa mkono wake akaomba radhi, jambo ambalo wengine wetu hatujalifanya. Tunawashukuru majirani wa ghorofa ya kumi na moja kwa vyakula, wenzake wa kazini, wakinamama walioosha mwili, na Bwana Ellison, aliyekuja na jiwe la ukuta wa baba yao, akaulizwa mpakani ni la thamani gani, akasema halina. Tunamshukuru pia Cyprian, ambaye jana mchana, mchuzi ukiwa mezani na hakuna aliyeshika upawa, alimwomba binti yake amfundishe namna ya kuuomba, akarudia mpaka akapatia, akapewa, akashindwa kuula.

Msalaba umepakwa rangi upya leo asubuhi, ukaandikwa Winifred Hazard, nendeni mkausome. Sasa kamati ikae, kipaza sauti kizimwe, wakinamama msipige kigelegele, Brightness atasogea kaburini amwite mama yake kwa jina ambalo sisi hatulijui, mara moja, nasi tutasikiliza kama alivyotusikiliza. Mlaze mama yako, mwanangu. Winifred binti Hazard, mkono wako umeonekana, ushushe sasa, ulale kwa amani ya kwenu, aquene.