Mikro Ilikuwa Imefungwa

Ndugu zangu, musinipigie makofi kwanza. Nikimaliza ndiyo mutajua kama yananifaa.

Mi ni sekretari wa depo moja kule Zone Industrielle, mutaa wa viwanda. Lori haitoki bila karatasi ya ruhusa yenye kashe yangu, ule muhuri wa depo. Muzamu wa geti asipoona kashe, hafungui. Corona ilipoingia, shefu akasema kila mutu atumike nyumbani, mambo yote yapite mu telefone. Mi miaka yote nilikuwa nasema telefone kubwa ni za watoto. Nikaona aibu kuomba wanifundishe.

Basi nikafanya vile tunavyofanya hapa, na nyinyi wamama munaocheka munajua. Nilipiga kashe karatasi tupu, rundo zima, nikamuachia muzamu. "Muzee, shefu akikupigia, we jaza tu."

Akaniuliza, "Mama, na moja ikipotea?"

Nikamwambia haipotei.

Kila nilipopita kumuletea zingine, nilikuta biro yetu, ile ofisi, imekufa: viti juu ya meza, vumbi, simu inalia mpaka inachoka. Nilikuwa naogopa na sikujua naogopa nini.

Asubuhi moja lori ya sabuni ikatoka na kashe yangu na haikufika popote. Kuna mutu alichomoa karatasi kwenye rundo. Mpaka leo hatujui ni nani.

Shefu akaita mukutano mu telefone. Akasema muzamu ameiba karatasi bironi, afukuzwe leo leo. Nikasema, "Apana, shefu. Ni mi nilimupa." Nikaeleza yote, nikilia. Hakuna aliyeshtuka. Waliendelea kuongea kama vile sijasema kitu. Mikro yangu, ile ya kupeleka sauti, ilikuwa imefungwa, na sikujua inafunguliwa wapi.

Ndugu zangu, nawaambia mbele ya Mungu: nilifurahi. Moyo uliniambia, we umeshasema, inatosha. Nikapangusa machozi nikiangalia baba wa watoto sita anafukuzwa na hayuko hapo kujitetea. Ile furaha iliniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe.

Nikatoka mbio na telefone mukononi mpaka kwa jirani yangu mwalimu, palepale mutaani kwetu Nyakabiga. "Nifungulie hii kitu, nisikike." Akagusa mara moja. Nikarudia yote tangu mwanzo, na safari hii walishtuka.

Nilisimamishwa miezi mitatu bila mushahara. Muzamu akabaki. Asante kwenu mulionilisha. Asante kwa mwalimu aliyenifundisha telefone bila kunicheka. Na yule muzee anajua nilichotaka kumufanyia, nilimwambia mwenyewe, bado ananifungulia geti na kunisalimu, "Mwaramutse, mama."

Leo karatasi zote ziko mu telefone, kazi ninaiweza. Lakini ule moyo uliofurahi ningali nao, uko humu ndani, na naujua unangoja. Kwa hiyo ukitaja kosa lako na usione mutu ameshtuka, usiende kulala. Sema tena.